Chumba cha jicho: shajara ya mradi wa fuvu, Mombasa

Jumapili, 8 Juni 2025. Kichwa cha Idd

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na jioni nafundisha uchoraji watoto wa mtaani kwetu Majengo. Kwenye kazi zote mbili nakutana na kosa lile lile. Mwambie mtoto achore fuvu: atapiga duara, kisha atatia matundu mawili meusi ya mviringo, basi. Mafuvu yanayochorwa ubavuni mwa matatu za hapa mjini ni hayo hayo, ila matundu yameinamishwa kuelekea puani ili uso uonekane una hasira. Nami nikisimama darasani husema "tundu la jicho" kisha napita, kwa kuwa ndilo neno nililo nalo. Neno hilo linauambia mkono utoboe. Nataka kutengeneza kitu ambacho mtoto akikishika ataona kwamba pale pamejengwa chumba, chenye paa, sakafu na kuta mbili.

Mpango ni huu. Kwanza nisafishe mafuvu halisi ya wanyama wa kuliwa: mbuzi, kuku na samaki. Kisha nitengeneze chumba kimoja cha jicho la binadamu, mara 4 ya ukubwa wake, kinachofumuka kikawa mifupa yake 7 na kuunganika tena. Mwalimu mwingine akitaka kuiga, bei na makosa yote atayakuta hapa.

Idd ya kuchinja ilikuwa juzi, kwa hiyo kichwa cha mbuzi sikununua. Mama alikuwa ameshakipangia supu. "Mwanangu, kichwa kizima wakitia ndooni?" Nikamwachia ulimi na nyama ya mashavu, tukaelewana.

Hapo hapo nikakosea. Kwa haraka nilikitokosa kichwa kwa moto mkali saa tatu nzima, na maji ya pili nikayatia dawa ya kupaushia nguo. Nyama ilitoka, lakini vibamba vyembamba vya ndani ya chumba cha jicho, ambavyo ndivyo nilivyovitaka, vilimomonyoka kwenye maji. Mifupa iliyobaki ikawa kama chaki; ukiigusa inakuachia unga mweupe kidoleni. Klorini inaula mfupa, na hata ukiusuuza haiishi mara moja. Nimetupa vyote.

Gharama: ndoo yenye kifuniko sh. 250, dawa ya kupaushia sh. 120.

Jumapili, 15 Juni 2025. Kichwa cha pili, bila moto

Hiki nimekinunua buchani kwa sh. 400. Nimekichuna, nimetoa macho kwa mkasi mdogo, na ubongo nimeutoa kwa waya kupitia tundu la uti wa mgongo. Kisha maji ya bomba kwenye ndoo, kifuniko, basi. Vijidudu vya maji vyenyewe vinakula nyama bila kugusa mfupa. Kila siku ya nne namwaga nusu ya maji na kuongeza mengine. Usiyamwage yote, maana utavimwaga na vijidudu.

Siku ya tano jirani wa juu aligonga mlango. Hakugomba, aliuliza tu kama kuna panya amefia ndani. Alikuwa na haki. Ndoo nimeihamishia kwa shangazi, Mtongwe, nyuma ya banda la kuku. Anayetaka kuanza kazi hii awe na mahali pa wazi mapema, mbali na dirisha la mtu.

Jumapili, 6 Julai 2025. Mbuzi, kuku na samaki aina ya changu

Wiki tatu zimetosha. Joto la hapa linasaidia, hata msimu huu wa kusi. Mifupa nimeiloweka siku 4 kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya unga ili mafuta yatoke, kisha siku 2 kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6. Chupa tatu za duka la dawa, sh. 180 kila moja. Sabuni sh. 60.

Kosa la hatua hii ni kuanika juu ya paa bila kufunika. Kunguru walishuka wakachukua mfupa mmoja wa machozi, ule mdogo wa pembeni mwa pua, uliokuwa umeachana na wenziwe. Sasa naanika ndani ya kawa, na kila kifupa kilicholegea nakigandisha kwa gundi siku ile ile.

Fuvu la mbuzi limetoka vizuri sana. Nililishika mbele ya balbu jioni, ukuta wa ndani wa chumba cha jicho ukapitisha mwanga, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, na mishipa midogo iliyopita humo zamani ikaonekana kama mistari ya jani. Nilikaa nalo mpaka mkono ukachoka.

Jicho la mbuzi linatazama ubavuni, na limezungukwa na pete kamili ya mfupa. Lakini ni pete tu. Tia kidole kwa mbele, kipitishe nyuma ya pete: kinatokea upande wa pili, pale ulipokaa msuli wa taya. Nyuma hakuna ukuta. Paka hana hata pete iliyofungika. Mfupa wa juu na wa chini vinakaribiana, na pengo linafungwa kwa kano.

Kuku ana jambo jingine. Kati ya jicho la kulia na la kushoto pana ukuta mmoja mwembamba, na macho yenyewe yamechukua nafasi kubwa ya kichwa. Ndani ya jicho lenyewe mna pete ya vibamba vya mfupa, kwa kawaida 14, vilivyopandana kama makuti ya paa. Kichwa cha kuku kikipikwa polepole, pete hiyo inatoka nzima. Changu tulimla, nikabaki na kichwa. Kile kijiwe cheupe kigumu anachokikuta kila mla samaki ndani ya jicho ni lenzi. Kwa samaki ni ya mviringo kama gololi, kwa sababu anaona ndani ya maji. Fuvu lake ukilielekeza mlangoni unaona mwanga kutoka jicho hili hadi lile.

Jumapili, 13 Julai 2025. Mpaka kati ya pete na ukuta

Mwanafunzi mmoja aliniletea fuvu la tumbili aliloliokota shambani kwao, Kwale. Lilikuwa zuri, na lilikuwa jibu la swali langu. Sikulichukua. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kukaa na mabaki ya mnyama wa porini bila kibali, hata kama amefia mwenyewe shambani. Tulipiga simu kwa maafisa wa wanyamapori wakaja kulichukua. Kabla ya hapo yule mtoto alinionyesha kwa kidole, nami sikuligusa: kidole kiliingia mbele kikagonga ukuta.

Huo ndio mpaka. Komba, yule wa usiku anayewasumbua wagema minazini, yuko upande wa mbuzi: ana pete bila ukuta. Tumbili, kima, mbega, sokwe na binadamu wana ukuta wa mfupa unaotenga jicho na msuli wa taya. Ukuta huo ni wa kale. Aegyptopithecus, mnyama wa kale wa jamii ya kima aliyeishi Fayum huko Misri yapata miaka milioni 30 iliyopita, alikuwa nao tayari. Maelezo yanayonishawishi zaidi ni haya: macho yalipohamia mbele, yote mawili yakawa yanatazama kitu kimoja, msuli wa taya ukabaki nyuma yake, ukijikaza kila mnyama anapotafuna. Bila ukuta, kila tonge lingelitikisa jicho. Weka vidole kwenye panja zako, utafune, huku unasoma sentensi hii. Panja zinacheza, maandishi yametulia.

Kwa binadamu nimeazima fuvu la plastiki kwa mwalimu mwenzangu. Vipimo vyake vinaelekeana na vya vitabuni: mdomo wa chumba upana milimita 40, kimo 35, kina kama 45. Nilijaribu kulitia macho. Mpira wa tenisi ya mezani, ambao kila anayetengeneza mafuvu ya maonyesho huukimbilia, una milimita 40. Unaziba mlango na kuchomoza nje. Jicho la mtu mzima ni milimita 24 tu. Gololi kubwa, ile ya milimita 25, inakaa sawasawa, na pembeni inabaki nafasi nyingi inayokushangaza.

Nafasi hiyo nimeipima. Niliziba nyufa na matundu kwa udongo, nikajaza mchanga uliochekechwa, nikaumimina kwenye bomba la sindano: mililita 30, kasoro kidogo. Jicho lenyewe halifiki robo ya hapo. Kunakobaki ni mafuta, misuli 6 ya kulizungusha jicho, ule wa kuinua kope, neva na mishipa ya damu. Ndiyo maana mtoto aliyeharisha sana tunasema macho yameingia ndani: jicho halijapungua, kilichopungua ni maji ya tishu zinazolishikilia.

Jumapili, 27 Julai 2025. Faneli

Wiki mbili hizi zimenigharimu zaidi ya nyingine zote, na sehemu hii naieleza kwa urefu kwa kuwa nadhani kila mtu ataanguka hapa.

Nilifinyanga umbo kwa udongo (sh. 500), mara 4: mdomo milimita 160 kwa 140, kina 180. Kutoka ukingo wa mbele nikaziteremsha kuta moja kwa moja hadi ncha ya nyuma, pale inapopita neva ya kuona. Nikamimina plasta ya Paris, mfuko wa kilo 10 kwa sh. 1,400. Kusi lilikuwa linavuma na manyunyu yake, plasta ikakaa siku 9 haijakauka, nami nikaisukuma kwa jiko la makaa. Ikapasuka kutoka ukingoni hadi ncha.

Nikaiganga, maana nilitaka kuipima kabla sijaitupa. Ukikuza kitu mara 4 kwa kila upande, ujazo unakua mara 64. Mililita 30 mara 64 ni 1,920, yaani lita mbili kasoro kidogo. Nikajaza mchele. Ukaingia lita 1.1.

Nilidhani nimekosea hesabu, nikarudia mara mbili. Kisha nikarudi kwenye fuvu la plastiki, safari hii kwa kidole badala ya rula. Kidole cha shahada kikiingia kinapita chini ya ukingo wa nyusi na kugundua kwamba juu kuna nafasi. Paa linapanda kabla ya kushuka. Chumba hakina upana wake mkubwa mlangoni; upana huo uko ndani, kama sentimita moja nyuma ya ukingo. Mimi nilikuwa nimetengeneza faneli, na kitu chenyewe ni mtungi uliolazwa: mdomo mwembamba kidogo, tumbo, kisha shingo ndefu inayokwenda nyuma.

Ukiisha kuliona hili, unaelewa kwa nini nyusi hukinga jicho. Ukingo umetokeza kama upenu wa paa juu ya kibaraza, na jicho limekaa kivulini.

Mfuko wa pili wa plasta, sh. 1,400 nyingine, niliutumia kutengeneza umbo la mtungi. Ujazo ulikuja lita 1.8, nikafurahi. Lakini plasta haifumuki. Kila nilipojaribu kuikata kwenye mistari ya mifupa, kingo zilimeguka. Umbo hilo nimelihifadhi kama kielelezo cha kuchongea. Kazi yenyewe inataka mbao.

Jumamosi, 9 Agosti 2025. Fundi

Nimekwenda Mji wa Kale kwa mzee mmoja mchonga milango. Niliingia na fuvu la plastiki ndani ya mfuko wa kanga. Alilitazama, akalifunika tena taratibu.

"Mwalimu, mimi sura ya mtu sichongi. Tangu niliposhika patasi, ni maua, minyororo na maandishi."

Sikubishana naye, hilo ni la dini yake na ni la mkono wake. Nikamtolea umbo la plasta, nikamweleza kwamba sura haitakuwapo: hakuna pua, hakuna mdomo, ni vipande 7 kila kimoja peke yake, na vikiunganishwa vinakuwa chumba kitupu. Aligeuza plasta, akatia mkono ndani hadi kifundoni.

"Hiki ni kifuu," akasema. "Kina tumbo."

Nilipomwambia kwamba mimi nilianza na faneli alitikisa kichwa. Fuvu, fuu na kifuu ni neno moja, alisema, kila mtu anajua fuu ni kitu kilichokuwa na kitu ndani. Ukichonga kifuu unafikiria nazi kwanza.

Tukapitia mifupa mmoja mmoja, na hapa majina yalitusaidia. Mfupa wa paji unafanya paa. Mfupa wa shavu unashika ukingo wa nje na wa chini. Taya la juu ndilo sakafu. Mfupa wa kaakaa unachangia kikona kidogo tu nyuma ya sakafu. Mfupa wa machozi uko pembeni mwa pua, na una mfereji wa kupeleka machozi puani. Miwili iliyobaki wataalamu huiita ethmoidi na sfenoidi, na majina hayo yametoka Kigiriki: ya kwanza ni chekeche, kwa vile vitundu vya juu yake vinavyopitisha neva za kunusa, ya pili ni kabari. Fundi aliposikia kabari akachukua penseli. Kabari anaijua: ni kipande kinachokaa kati ya vingine na kuvibana. Na sfenoidi ndivyo ilivyo, imekaa katikati ya fuvu imeshikana na karibu kila jirani, na imenyoosha mabawa kama popo. Bawa kubwa, likisaidiana na mfupa wa shavu, ndilo linalojenga ule ukuta wa nje uliomkosa komba.

Fundi amechonga pia macho ya majahazi, yale ya duara yanayobandikwa omoni. Alinionyesha moja lililobaki: duara bapa, linakaa juu ya ubao. Alisema mkono wake umezoea jicho la juu, hili la ndani litamchukua muda.

Bei: kazi sh. 6,000, vipande vya mbao ya mwembe sh. 2,000.

Jumamosi, 23 Agosti 2025. Vipande sita na kimoja kilichokataa

Mambo matatu yametukuta.

La kwanza, mbao. Mwembe haukuwa mkavu. Kipande cha paji kilipasuka siku ya nne, ufa wa urefu wa kidole. Fundi alichonga kingine kutoka mbao iliyokaa karakanani mwaka mzima, na vilivyobaki tukavifunga ndani ya gunia lenye vumbi la mbao vikauke polepole. Mwenye kuiga asinunue mbao mbichi kwa sababu ni rahisi. Ilinirudisha nyuma wiki.

La pili, mwelekeo. Fundi alitaka chumba kiende nyuma moja kwa moja, kama keekee inavyotoboa, na hata mimi ningefanya hivyo. Lakini vyumba viwili vya uso mmoja haviendi sambamba. Kuta zao za upande wa pua ndizo zilizo sambamba. Kuta za nje zinafungukia panja, na ukizirefusha kwa nyuma zinakutana kwa pembe mraba. Kila chumba basi kimetanuka kama nyuzi 45, na ncha yake imeegemea ndani. Tulichora hesabu hiyo sakafuni kwa chaki, fundi akasimama penye ncha na kunyoosha mikono miwili, mmoja kuelekea ukutani na mwingine mshazari kuelekea mlangoni, akaielewa kwa mwili wake. Baada ya hapo hakuuliza tena. Ukingo wa nje pia tuliurudisha nyuma kuliko wa ndani. Hii ndiyo siri ya kuona ubavuni: upande wa panja mlango umekatwa zaidi, upande wa pua umekingwa.

La tatu ni bamba la chekeche, ukuta wa ndani. Kwenye fuvu halisi ni jembamba mno hata jina lake la Kilatini lina maana ya bamba la karatasi. Mara 4 bado ni kama milimita moja, na mwembe wa milimita moja ulivunjika mkononi mara tatu. Nilikumbuka mwanga uliopita kwenye fuvu la mbuzi. Nikachukua dumu tupu la mafuta ya kupikia, lile jeupe, nikakata bamba kwa mkasi na kulipachika kwenye fremu ya mbao. Linapitisha mwanga kama mfupa wenyewe, na halikunigharimu kitu.

Sakafu nimeiachia dirisha. Wazo hili ni la Leonardo da Vinci, ambaye mwaka 1489 alichora fuvu lililokatwa nusu ya uso, upande mmoja mzima na upande wa pili wazi, ukaonekana uwazi uliomo ndani ya taya la juu, chini kabisa ya chumba cha jicho. Michoro hiyo iko Windsor, Uingereza. Nimewahi kuwaonyesha watoto picha yake wakaipita. Sasa nimekata ubavu wa kipande cha taya vivyo hivyo: ukichungulia unaona jicho linaishi ghorofani, na chini yake kuna chumba cha hewa. Ngumi ikitua jichoni, mara nyingi kinachovunjika ni sakafu hiyo nyembamba, inaangukia kwenye uwazi, na jicho lenyewe linaweza kusalimika.

Kwenye paa fundi aliuliza nyusi ziwe nene kiasi gani. Nilimwonyesha picha ya fuvu la kale lenye namba KNM-ER 3733, lililookotwa na Bernard Ngeneo huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, mwaka 1975. Huyo ni Homo erectus, binadamu wa kale, ana upapi mzima wa mfupa juu ya macho, na ubongo wake umekaa zaidi nyuma ya macho. Kwetu sisi ubongo umesogea mbele ukakaa juu ya macho. Paa la jicho ndilo sakafu ya ubongo. Fundi akachonga nyusi nyembamba na paji la kusimama.

Jumamosi, 6 Septemba 2025. Sumaku

Vipande vimekauka na kupigwa msasa. Kuviunganisha nilitaka vijiti vya mbao kama vya milango, lakini vikazuia kufumua: sfenoidi lazima itoke kwa mshazari, na kijiti hakipindi. Nimetumia sumaku ndogo 24, sh. 50 kila moja, zilizozamishwa ndani ya mbao kwa gundi.

Nilipofika kwenye mfupa wa shavu niligundua nimegeuza sumaku mbili. Mfupa ulikuwa unaruka kila ukiusogeza. Gundi ilikuwa imeshashika. Ilibidi nizichimbue kwa ncha ya patasi na kuziba makovu kwa vumbi la mbao. Tia alama ya wino upande mmoja wa kila sumaku kabla ya kufungua gundi.

Rangi sh. 900, kila mfupa na yake. Mfupa wa machozi nimeupaka buluu kwa sababu ni mdogo na hupotea machoni. Jicho ni mpira wa watoto wa sentimita 10, sh. 150, ambao ni mkubwa kidogo. Kwa kipimo ungekuwa sentimita 9.6.

Nimejaza mchele tena, nyufa zimezibwa kwa kitambaa. Lita 1.87.

Ijumaa, 19 Septemba 2025. Darasani

Niliweka fuvu la mbuzi upande mmoja wa meza, chumba cha mbao upande wa pili, na sikueleza neno. Wanafunzi 41, kila mmoja atie kidole kwa mbuzi, kisha mkono kwenye chumba. Walipofika watano hivi msichana mmoja aliuliza mwenyewe: "Mwalimu, mbona huku kumezibwa?" Tukatafuna. Niliwagawia mabisi, kila mtu na kitabu mkononi, vidole kwenye panja.

Kilichochukua muda zaidi kuliko nilivyopanga ni bamba la dumu. Walimulika kwa tochi ya simu kutoka upande wa pua, chumba kizima kikawa na mwanga wa manjano, na kila mmoja alitaka zamu yake.

Mwisho nikawapa karatasi wachore fuvu. Wengi bado walipiga duara kwanza. Lakini matundu mengi hayakuwa mviringo tena: yalikuwa na pembe nne zilizolainishwa, na kona ya nje imeshuka kidogo, kama miwani ya rubani. Mmoja alitia kivuli upande wa juu peke yake, chini ya nyusi, akaacha sakafu na mwanga. Sikumfundisha hilo.

Vilivyoharibika kwa siku moja: sumaku moja ya mfupa wa kaakaa imeng'oka, na bamba la dumu limepata kunjo. Nimekata mawili ya akiba.

Jumla ya gharama ni sh. 14,920. Kati ya hizo, sh. 1,520 zilikwenda na maji: dawa ya kupaushia na mfuko wa kwanza wa plasta. Sh. 400 za kichwa cha pili ningeziokoa kama nisingekichemsha cha kwanza.

Fundi amelipiwa yote. Jana alipita nyumbani na kipande cha mwembe mkavu, ukubwa wa ngumi mbili, akauliza pete ya komba inataka unene gani.